Kunukuliwa Mara Nne

Fomu ya kupandishwa cheo ina safu kumi na mbili.
Nimejaza jina, Sechelela Chilongani, kwa herufi kubwa,
nimejaza machapisho: kumi na saba.
Safu ya tisa inataka moja tu, lililo bora,
na mbele yake: *Limenukuliwa mara ngapi?*
Nje, upepo wa Julai unapanda kilima cha Chimwaga
na vumbi lake, unabisha hodi bila kungoja karibu.

Makala ya kideri cha kuku, ambamo mimi ni wa kumi na tisa
katika majina ishirini na mawili: mara mia nne na sita.
Kazi yangu mle ilikuwa kuosha na kupima chupa tisini,
wiki mbili, nikiwa bado mwanafunzi.
Makala ya mtama wa Yudita, miaka sita ya jua na jozi tano za viatu:
mara nne.

Nazijua zote nne kama mtu ajuavyo wadeni wake.
Ya kwanza, nilijinukuu mwenyewe.
Ya pili ni mwanafunzi wangu Ndahani; angethubutu kuacha?
Ya tatu imeniandika Chilongoni, tena mwanamume.
Ya nne, ya ng'ambo, imechukua sentensi ya utangulizi:
"Dodoma hupata mvua haba,"
jambo ambalo kila mbuzi wa Chamwino angewaambia bure.

Hakuna aliyegusa ukurasa wa saba.

Ukurasa wa saba kuna mzizi unaonyamaza.
Mtama mwingine, njaa ikiubana, huita udongoni,
na kiduha, ambacho mbegu yake ni laini kama ugoro,
kilicholala miaka, kikangoja,
husikia, huamka, hushika mzizi, hunyonya.
Huu wa Yudita umepotelewa na kipande cha jeni:
umesahau neno la kumwitia mwizi.
Usiku niliokipata kipande hicho umeme ulikatika,
nikakimbiza sampuli Ng'ong'ona kwa Janeti muuza barafu,
zikalala hadi asubuhi kati ya ubuyu na ukwaju.
Hilo halimo kwenye sehemu ya Mbinu.

Mizunguko thelathini mashine ilikinakili,
kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne,
hadi nakala bilioni ndani ya tone lisilolowesha ulimi.
Nakala bilioni. Nukuu nne.
Nakili, nakala, nukuu:
mbona sikuwahi kuona kwamba ni watoto wa tumbo moja?

Jumamosi nilikwenda Handali.
"Mbukwenyi," akasema Yudita, macho hayakutoka kwenye ungo.
Nikamwuliza mbegu imefika wapi.
Akahesabu kwa vidole vyenye pumba:
shemeji wa Mvumi, kibaba kimoja;
binti aliyeolewa Mpwayungu, akazifunga pindoni mwa kanga;
mlinzi wa shule ya Manchali;
mwanamke wa Kongwa, jina silijui,
aliiba masuke matatu, nilimwona, nikageuza uso.
Vya mikono vikaisha, akaanza vya miguu.

Nilitaka kumwuliza kama walimtaja.
Ulimi ukawa mzito.
Maana mimi nilimtaja wapi?
Katika Shukrani, mstari wa mwisho kabisa:
"wakulima wa eneo husika."

Saa tisa. Bwana Mkusa, karani wa idara, yuko mlangoni,
anagongagonga kitasa kwa kalamu.
"Weka ile ya kuku, Dakta," alinishauri jana, na alinitakia mema.
Naandika: mtama. Naandika: 4.
Penye waandishi wenza naandika Yudita Masinga,
nafuta, naandika tena,
wino umechimba karatasi hadi upande wa pili.

Anaipokea, anaisoma amesimama.
"Huyu Masinga," anauliza, "ni wa idara gani?"