Mapengo ya Isevya

Mwezi wa tano, mvua ilipokata,
nilihesabu mapengo kwenye tuta la ukutani:
matatu, kama kinywa cha mjukuu wangu Kapela
anayecheka bila aibu, ulimi ukichungulia.

Miaka kumi na mmoja nimepanda maua ya msimu.
Yanachanua kwa fujo, yanakula samadi yote ya mbuzi,
kisha kiangazi kinabisha hodi
nayo yanaondoka bila kuaga,
yananiachia vijiti vya kuwashia jiko.
Nimechoka na wageni.
Mwaka huu nataka wenyeji.

Pengo la kwanza liko chini ya bomba
linalodondosha, linanyamaza, linadondosha tena;
fundi Mihayo anakuja kesho tangu Shaabani.
Hapo nimeweka mchaichai.
Ukiukata unaota, ukiusahau unaota,
majirani wote wa nyuma wanakunywa chai yangu
na shina halijui kama limeibiwa.

La pili liko mbele ya ukuta wa bati,
jua la Septemba, mchanga mtupu,
maji unayomwaga yanapita kama mshahara.
Nikaenda kwa Lushinge, muuza miche karibu na stesheni,
amepanga bidhaa kwenye makopo ya rangi.
Akanisifia waridi: "Mama, hili limetoka Arusha!"
Likikosa maji wiki mbili, nikamuuliza, litanisamehe?
Akajikuna shingo.
Na mchwa je?
Akatazama reli.
Nikampenda kwa kushindwa kudanganya,
nikanunua mshubiri,
mmea wa vikoba huo, unaweka akiba
ndani ya majani manene, hausubiri mtu.

La tatu silipendi kulitaja.

Hapo palikuwa na kanna, nyekundu, ndefu kunizidi.
Siku Nyamizi anaondoka kwenda kwa mumewe Kigoma
alishika jembe kabla ya adhana,
akang'oa zote, na mizizi yake minene kama tangawizi,
akafunga kwenye kiroba cha unga, akapanda nayo treni.
Nilisikia jembe nikiwa kitandani.
Nilijifanya nimelala.
Binti anayetaka kuondoka na udongo wa kwao chini ya kucha
utamwambia nini?

"Mama, zimeteremka kilima mpaka kwenye ngazi,"
ananiambia kwenye simu,
"udongo mwekundu wa huku zinaupenda,
hadi watu wa Gungu wanakuja kuniomba."
Nafurahi. Nafurahi kweli.
Halafu nakata simu nachungulia dirishani.

Misimu miwili pengo lile sikuligusa.
Kuku waligeuza bafu la vumbi.
Safari hii nikatafuta kitu kisichofanana na kanna hata kidogo:
yungiyungi, fupi, jeupe,
kitunguu kimoja nilichopewa na Sista Modesta wa Ipuli
kimefungwa kwenye leso kama yai.
Nikachimba kina cha kiganja,
kichwa juu, mizizi chini,
nikasema bismillahi, nikafukuza kuku.

Novemba mvua ya kwanza ikaja usiku, na radi zake.
Siku ya tano, asubuhi, ncha mbili zimetoboa udongo.
Moja ya kijani: ya Sista.
Ya pili, shubiri moja kutoka hapo,
imejisokota kama sigara ya kienyeji,
rangi ya zambarau iliyoiva.
Niliijua kabla sijainama.
Kipande tu, kilichokatwa na jembe la Nyamizi kwa haraka,
kimelala humo misimu miwili
bila maji, bila mtu kukiuliza habari,
kuku wakioga juu yake.

Lushinge kaja kutazama.
Anasema nitoe mmoja, tuta halibebi wawili,
kanna italimeza yungiyungi kabla ya Machi.
Anajua kazi yake.
Mara mbili nimeshika jembe,
mara mbili nimelirudisha nyuma ya mlango.

Kapela naye ameota jino.
Limekuja upande, linasukumana na la jirani.
Anacheka vilevile.