Ukurasa wa Tisa

Kwanza niseme kosa langu.
Mimi ndiye niliyeandika kwa wino mwekundu
pembeni mwa rasimu yao: Hii si historia.
Daftari la madeni la mama ntilie wa Kurasini,
lililovikwa karatasi ya mfuko wa saruji, lina madoa ya mchuzi!
Nikawaambia, tafuteni vita, tafuteni mikataba,
tafuteni kitu chenye tarehe.

Sikudhani akanijibu, "Mwalimu, tarehe zimo."

Zilikuwamo.
Jumatatu, uji, watu kumi na wanne.
Jumanne, meli ya mbolea, wamekula mara mbili.
Ijumaa, hakuna meli. Wamekula. Hawajalipa.

Ndivyo alivyoandika Bi Chausiku,
kwa herufi zilizolala upande kama watu waliotoka zamu,
majina ya makuli ambayo hakuna ofisi iliyoyatunza:
Luwongo wa Keko. Mtoro Mfupi. Nduguye Mtoro.
Yule wa Magunia Mawili.

Likizo nzima watatu hawa walitembea nalo,
Sikudhani, Baltazari, na Zamda mwenye kigugumizi,
Mtoni, Yombo, Mbagala,
wakigonga mageti, wakifukuzwa kama wauza sabuni,
wakirudi na jina moja kwa wiki,
wiki nyingine na vumbi tu.
Kati ya hamsini na watatu wamewapata kumi na saba.
Waliobaki wameachiwa mistari mitupu,
na Baltazari alikataa katakata kuijaza kwa kubuni.
Hapo ndipo nilipoufuta wino wangu.

Leo, Chang'ombe, saa nne, viti vya kukodi,
feni moja inazunguka, nyingine inaitazama.
Afisa elimu amekosea majina mawili kati ya matatu.
Vyeti. Kamusi tatu. Soda.

Ndipo kule nyuma akasimama mtu mwenye shati la gereji,
jina lake halimo kwenye orodha ya wageni.
"Mimi mtoto wa Luwongo. Nasikia baba yumo humo."

"Ukurasa wa tisa," akasema Zamda,
bila kukwama hata silabi moja.
"Shilingi mbili na sumni. Mihogo na maharage."

Yule mtu akatoa noti ya elfu kumi,
akaikunjua gotini, akainyoosha kwa kiganja,
akauliza amlipe nani.

Afisa akaangalia ratiba; jambo hilo halikuwamo.
Mjukuu wa Bi Chausiku, safu ya pili, akasema, "Chenji sina,"
watu wakacheka,
kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka.
Akaipokea kwa mikono miwili.

Sikudhani akafungua, si daftari la bibi,
lile halichorwi tena,
bali la kwao, la utafiti,
akaandika: Luwongo wa Keko, amelipa.
Kalamu ikasita.
"Mwalimu, leo tarehe ngapi?"

Nami, miaka ishirini na sita nikifundisha tarehe,
ilibidi nimuulize jirani yangu.