Kistari cha Chini

Ghala la Mnyawi hutuma vitu vitatu:
kilo, daraja, jina la mwenye gunia.
Fanksheni yangu inataka kilo tu.
Inajumlisha. Haiulizi nani alipalilia,
nani alipuliza salfa hadi kope zikageuka njano.

Saa tano usiku, Chikongola, feni inakwaruza.
Kompaila inanisuta kwa maandishi ya rangi ya chungwa:
daraja umelipokea, hukulitumia;
jina umelipokea, hukulitumia.
Kama shangazi anayehesabu vikombe
baada ya wageni kuondoka.

Likonda, wa meza ya pili, hana makuu:
"Weka kistari cha chini, basi. Kimoja kila pahali.
Kistari ni fulani. Kistari ni nanii.
Tukalale."

Na kweli, ndiyo adabu ya kazi hii:
kigeu kisichotumika huvikwa kistari,
msomaji akikiona asikisubiri huko mbele.
Nikaandika: kilo, _, _
Ikanyamaza.

Mimi sikunyamaza.
Mtoto wa tatu wa bibi yangu hakufika arubaini,
lakini jina alipewa.
Halikuitwa uani, halikutumwa dukani,
halikuandikwa kwenye daftari la mwalimu yeyote.
Hata leo bibi akihesabu wanawe
hafiki pale akasema "mmoja."
Husema Chipande,
kisha anaendelea na wa nne.

Nikarudi, nikafuta vile vistari vikavu.
Nikaandika _daraja.
Nikaandika _mkulima.
Kistari mbele, jina nyuma yake,
kama mtu aliyepiga hodi akabaki nje na viatu vyake.

"Herufi saba za bure," Likonda akasema.
"Za bure," nikamkubalia.
Kompaila haikuguna; kwake yote ni mamoja.

Lakini asiyetumika si hewa.
Msimu utakwisha, minada itapita,
malipo ya mtu fulani yatapungua,
na atakuja mama na stakabadhi iliyokunjwa mara nne,
Somoe, tuseme, wa kule bondeni,
aulize kilo zake zimeingia wapi.
Yeyote atakayekalia kiti hiki
atafungua faili, ataona jina lilipopita,
na kazi yake itakuwa ndogo:
kufuta kistari kimoja.