Mwonja Mchuzi

Kwetu mtu akizeeka husema kala chumvi nyingi.
Babangu aliila, na aliikwangua pia,
kwenye majaruba ng'ambo ya mikoko ya Gando,
magoti meupe, nyayo zimepasuka,
na ada yangu ya skuli ilitoka mle,
gunia kwa gunia.
Kwa hivyo usinambie chumvi ni adui.
Chumvi kwangu ni ndugu wa tumbo moja.

Ile Jumatatu, hospitali ya Wete,
nesi Raya alimfunga Shaame mkanda mkononi,
ukafura kama bunju aliyeguswa.
Akatazama. Akautegua. Akaufunga tena.
"Mia na themanini na mbili. Chini, mia na nane.
Mzee, nyumbani mnakula nini?"

Shaame akanitazama mimi.

Miaka thelathini mume wangu kapima karafuu kituoni,
hapunji mtu hata konyo moja,
lakini chumvi ya sahanini hakuipima kwa kitu:
aliimwaga kabla hajaonja,
kama mtu anayetia saini.

Nikaanza kutaja, ulimi ukawa mzito.
Asubuhi chapati na mchuzi uliolala.
Saa nne muhogo wa kukaanga, barazani kwa Bimkubwa,
umenyunyiziwa hadi vidole vinang'aa.
Mchana wali, na ng'onda wa papa,
ambaye hata umroweke usiku kucha
bado anaikumbuka bahari.
Achari ya embe. Na kile kijiwe cha mchuzi
cha karatasi ya kumetameta,
nakivunja nusu, nusu naiweka,
kisha nusu ile nayo naitia.
Magharibi, supu ya pweza, ya njiani.

"Kichwa hakiniumi," akasema Shaame.
"Maradhi gani haya yasiyobisha hodi?"
"Haya hayana hodi," akajibu Raya.
"Wengine huyajua siku ukuta unapoanguka."
Nikamkumbuka shemeji Kombo,
mdomo umekwenda upande,
anaomba maji kwa jicho.

Nikapunguza.
Vidole vitatu vikawa viwili,
kisha kijiko kile cha dawa ya mtoto.
Ng'onda nikamwacha sokoni na nzi wake.
Nikakamua ndimu, nikaponda tangawizi na thomu,
changu mbichi nikamtia pilipili ya kutoa machozi.
Shaame akatafuna kama anayesoma barua ya deni.
"Mize," akauliza, "kafa nani?"

Siku ya tisa, kabla sijaitia kanzu yake majini,
nikapekua mfuko, nikakuta kikaratasi
kimekunjwa vizuri, kama hirizi.
Nilidhani mwanamke.
Ilikuwa chumvi.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Sikumwambia kitu. Kanzu ilipokauka
nilikirudisha palepale, kikiwa nusu.

Mwezi wa pili tukarudi.
Mia na hamsini na sita.
Shaame akatoa kifua mbele
utasema yeye ndiye mpishi.
Raya akaanza kukunja mkanda, akasita.
"Na wewe, mama?"
"Mimi? Mimi mzima. Mimi ndiye ninayepika."
"Nipe mkono."

Mimi ninayeonja mchuzi mara tatu kabla haujashuka,
ninayekwangua chungu wenzangu wakishanawa,
ninayemaliza achari ya wajukuu.
Mimi ambaye ile nusu ya kikaratasi
niliona israfu kuitupa, mtoto wa majaruba,
nikaila yote na embe bichi
nyuma ya jiko, peke yangu.

Mkanda ukafura.
Raya akatazama.
Akautegua.
Akaufunga tena.