Sindano Mbili

Saa tisa usiku, Szeged. Mto Tisza umeganda kandokando
na Boglárka yuko kwenye kahawa ya nne.

Kibakulini, kipande cha ubongo wa panya,
chembamba kama ganda la kitunguu,
kinanyweshwa maji ya chumvi na hewa ya mtungi.
Kiko hai. Mwenyewe hayupo.

Anakichoma sindano mbili za platini.
Ya kwanza imepakwa vimeng'enya vitatu:
kimoja kinamenya, kimoja kinapasua, kimoja kinaunguza,
mpaka adenosini isalie chembe ya umeme
isiyotosha kumshtua sisimizi.
Ya pili ni tupu, makusudi.
Imewekwa pale kama jirani asiyependelea,
ili uongo ukipita, upite kwa zote mbili.

Anafunga oksijeni. Anahesabu.
Mistari kwenye skrini imelala, imelala,
kisha mmoja unapanda.
Mmoja tu.

Ndilo neno ambalo seli zikielemewa huambiana:
punguza, funga, pumzika.
Kipande kinajibembeleza chenyewe,
hakijui kwamba hakuna tena wa kulala.

Anafungua hewa, anaandika saa,
anapiga miayo hadi machozi.
Ndani ya fuvu lake neno lilelile
linabisha hodi tangu saa nne,
linakuta kahawa imekalia kiti chake.

Kukicha, vimeng'enya navyo vitakuwa vimechoka.
Atavikwangua, apake vingine.
Nje, tramu ya kwanza inapita ikiwa tupu,
taa zote zinawaka.