Wati Kumi

Mwaka jana, siku ya kufungua msimu,
betri ilikuwa imeshakufa
kimya, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.
Nikageuza ufunguo: tk.
Nikageuza tena, hata tk hakuna.
Wanawake kumi na wanne wa kikundi, ndoo mikononi,
wakanitazama mimi mweka hazina
kana kwamba umeme nao nilikuwa nimemkopesha mtu.

Tuliifunga kwenye bodaboda hadi Chipogolo
ikachajiwe kwa elfu mbili.
Penye makorongo tindikali ikaruka,
ikala khanga yangu na maandishi yake.
*Subira yavuta*, inasema sasa,
kisha tundu.

Safari hii bwawa lilipofungwa samaki wazaliane,
boti ikavutwa mchangani miezi mitatu,
nami nikapanda basi la Dodoma.
Soko la Majengo, kijana mmoja, Mbeleje,
akanitolea sola ndogo kama sinia la watu wawili.
Itawasha nini hii?
Akacheka. "Mama, hii haiwashi kitu.
Betri ikikaa tu, inavuja.
Hakuna anayeitumia, na bado inaisha.
Hii inarudisha kinachovuja. Basi."
Juu yake akaniuzia kidhibiti,
kisanduku chenye taa moja ya kijani,
kazi yake kuhakikisha kwamba usiku
sola hainyonyi ilichonywesha mchana.
(Wapo watu nawajua
wangefaa kufungiwa kimoja.)

Shemeji Ndahani alipoiona juu ya paa la boti
alisema tumenunua kioo cha kujitazamia.
Sikumjibu.
Juu ya kichwa chake nyaya kubwa zilikuwa zinavuma,
zimebeba umeme wa maji yetu haya haya
kwenda kwa watu wa mbali;
mwaloni kwetu haziteremki hata kusalimia.

Jua la Ugogo halina choyo,
lakini na vumbi lake pia halina.
Kila asubuhi napanda na khanga ile ile,
nafuta vumbi, nafuta mavi ya mnandi
anayedhani kioo ni dimbwi,
natazama taa: kijani.
Nashuka. Hakuna kilichotokea.
Siku ya arobaini, hakuna kilichotokea.
Siku ya sitini mvua ya bahati mbaya, nusu saa,
kisha tena hakuna.
Sijawahi kufanya kazi ndefu hivi
ili jambo fulani lisitokee.

Mume wangu Malogo yuko Mtumba,
anajenga ofisi za watu.
Saa tatu usiku hupiga, dakika moja, salio la kubana.
Mbukwenyi.
Mbukwa.
Watoto?
Wamelala.
Mbuzi?
Yule mweupe anachechemea, wengine wapo.
Haya.
Haya.
Zamani niliudhika. Simu gani hii,
haiwashi kitu.
Siku hizi ikishakatika
naishika kidogo mkononi, ina joto,
ndipo naiweka.

Leo jioni, kwa kuwa kesho kutwa bwawa linafunguliwa,
niliazima kipimo cha fundi redio,
nikagusisha sindano mbili, nyekundu na nyeusi,
kwenye vichwa vya betri nilivyovipaka grisi.
Namba zikababaika, zikatulia:
kumi na mbili nukta saba.
Nikafunika. Sikumwita mtu.
Ndahani alikuwa anashona nyavu hatua ishirini tu,
nikampita na uso wa kawaida.

Saa tatu simu ikaita.
Mbukwenyi. Mbukwa. Watoto, mbuzi.
Kuna jipya?
Hakuna, nikasema. Kisha, kabla dakika haijaisha,
Betri ipo.
Kimya. Upande wake mbwa walibweka.
Ngapi? akauliza.
Nikamtajia.
Akairudia polepole,
kumi na mbili, nukta saba,
kama baba aliyesimama nje ya wodi
akitajiwa dirishani uzito wa mtoto.
Kisha salio likaisha.