Daftari la Wageni, Tororo

Malaba liliandikishwa hivi: jiwe, kilo kumi na nne.
Forodha hawakuuliza ndani yumo nani.
Lilifika limefungwa magazeti mabichi ya Mombasa,
likinuka kama kitu kilichotaka kufa kikaghairi,
na Daktari Ochwo akalizamisha katika sanduku la kioo
pale wagonjwa wa meno wanapongojea zamu:
maji ya mvua, chumvi ya mfuko,
bahari ya kukorogwa kwa mwiko.

"Mlinzi," akaniambia, "hao hutoka usiku.
Andika."

Basi nikalitwaa daftari la getini,
nikaivika tochi karatasi nyekundu ya peremende
(mwanga mweupe huwatia woga)
nikapiga mistari kama kawaida:
Jina. Atokako. Shida yake. Saa ya kutoka.

Saa tano na robo. Jina sijui.
Mrefu kama uzi wa kiatu, nywele nyeupe kila pingili.
Nilimgusa. Kidole kikaniwasha siku tatu, kama nimeshika upupu.
Shida yake: kula makombo. Mwacheni.

Saa sita. Mikono mitano, tumbo halizidi kifungo cha shati.
Pwani, asema daktari, jamaa zake huitwa kiti cha pweza.
Nilingoja hadi alfajiri. Pweza hakuja kukalia.

Saa nane kasoro. Ta!
Nilikuwa chini kabla sijawaza;
kichwa kilistaafu, mwili bado uko Gulu.
Ta! tena, kutoka majini.
Kamba, mdogo kuliko risasi, gando moja limevimba,
anayapasua maji kwa kulifumba tu.
Nikaandika, Jina: Afande.
Nikacheka peke yangu pale sakafuni.

Yule wa kahawia, laini, mwenye vidole kama ua,
daktari alimtambua mara moja. Ukimkata, anazaa.
Akamdunga maji ya limau kwa sindano ya ganzi,
taratibu, akimwambia pole, kwa mazoea.
Wiki ya pili walikuwa wanne.
Saa ya kutoka: nimeiacha wazi.

Usiku wa kumi na tisa kitu kikashuka jiweni
kimejitanda nyama yenye madoa, kama mgonjwa na shuka lake.
Nikasogeza tochi. Nyama ikajikunja huku na huku,
ikaacha mgongo unaong'aa.

Huyo nilimjua.
Kauri. Wa kibuyu cha nyanya yangu Nyaketcho,
wa shingoni mwa mapacha, wa mkekani kwa mganga.
Miaka hamsini na miwili namjua, na vijino vyake vile vile,
na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anatembea.

Jina: ninalo.
Atokako: nilitaka kuandika Mombasa, nikaandika, kwa nyanya.
Shida yake

Kalamu ikasimama. Nikatoka kupunga hewa.
Mwamba wetu ulikuwa pale pale juu ya mji,
mweusi, mkavu, uleule wa kila usiku.
Nikauelekezea tochi nyekundu,
nikangoja.